Naomba ushauri: kura za kikundi chetu Kibirizi tuzihesabu vipi, mikono, karatasi au simu?

#1 MamaMgebuka

Mwakeye wadau.

Mimi nauza dagaa hapa mwalo wa Kibirizi, Kigoma. Wenzangu wamenitwisha ukatibu wa kamati ya uchaguzi ya kikundi chetu, nami kwa ujinga wangu nikaitika. Tuko wanachama 312. Jumamosi ya wiki ijayo tunachagua mwenyekiti. Wagombea ni wawili, wote jamaa zetu, na maneno yameanza kabla hata kura haijapigwa. Wagombea wenyewe hawana shida, kinachogombaniwa ni namna ya kuhesabu.

Mara ya mwisho tulinyoosha mikono. Aliyehesabu alipita mara tatu akaja na namba tatu, maana watu wanachoka wanashusha, mwingine anajikuna kichwa anahesabiwa. Tena mambo ya mwalo mnayajua: mtu alikukopesha magunia mawili ya dagaa, leo anagombea, kasimama mbele amekukazia macho. Utaacha kunyoosha? Kabla ya hapo nilikuwa kikundi kingine, sikitaji jina. Kule tulitumia karatasi, lakini watu watatu wakaingia nazo chumbani wakafunga mlango, baada ya nusu saa wakatoka na jina la mshindi. Namba hawakutaja. Mpaka leo kuna wanawake pale hawaazimani hata chumvi.

Sasa vijana wetu wanataka tupige kura kwenye kundi la WhatsApp, dakika tano tumemaliza. Wazee wanataka kila mtu akasimame nyuma ya mgombea wake. Mimi nauliza tu: ipi kati ya hizi inahesabu kweli? Na vyama vya siasa viacheni nje ya uzi wangu tafadhali.

#2 SitiYaMbele

Nimekaa. Mama weka na sado moja ya dagaa kwa ajili ya wasomaji.

#3 MwalimuHeru

Dada yangu, pole na hongera. Nimefundisha miaka 34, na huku Kasulu nimewahi kusimamia kituo cha kura zaidi ya mara moja. Niruhusu nianze na usiku mmoja ambao sitausahau.

Kituo tumefunga saa kumi jioni. Ni darasa la nne, madawati yamesukumwa ukutani, taa ya sola inafifia. Tukaanza na karatasi ambazo hazikutumika, tukazihesabu tukazifunga kando. Tukahesabu majina yaliyowekewa alama daftarini. Ndipo tukakata lakiri ya sanduku, tukamwaga kura mezani mbele ya mawakala. Mimi nakunjua karatasi, nainua juu kila mtu aone, natamka jina. Msaidizi wangu anaiweka kwenye fungu lake. Kura moja, alama ya vema imekaa juu ya pua ya mgombea kwenye picha badala ya kwenye kisanduku. Tulibishana dakika ishirini kwa ajili ya pua hiyo.

Saa nne usiku kura za mezani zikapungua moja kwa majina ya daftarini. Tukarudia. Zimepungua moja. Mara ya tatu karani wangu akahisi karatasi moja nene vidoleni: zilikuwa mbili zimegandana kwa wino wa muhuri. Tulishangilia kama tumefunga goli. Tukajaza fomu. Na hapo, baada ya hekaheka yote ile, nikakosea mimi: 143 nikaandika 134. Mezani hesabu ilikuwa safi, kalamu yangu ndiyo iliyomnyang'anya mtu kura tisa. Aliyenishika ni wakala kijana aliyekuwa amekaa kimya anachora vijiti kwenye daftari la mazoezi, vinne vimesimama, cha tano kimelazwa. "Mwalimu, hiyo namba umeigeuza."

Hakuna siku nimeona aibu kama ile, na hakuna siku nimejifunza zaidi. Kuhesabu vipande vya karatasi si kazi ngumu. Namba inaumia ikiwa safarini: kutoka mezani kwenda kwenye fomu, kutoka fomu kwenda kata, kutoka kata kwenda jimbo. Ndiyo maana matokeo yanabandikwa nje ya kituo kabla ya kitu chochote kuondoka. Namba iliyobandikwa ukutani huwezi kuigeuzia njiani kimyakimya, kwa sababu watu wa kijiji wameshaisoma.

Kwa hiyo dada, karatasi. Na mhesabie hadharani.

#4 BaitiMoja

Shikamoo mwalimu. Mimi ni wa Gungu ila kwa sasa niko Dodoma, kazi yangu ni kuandika programu, nitajibu kwa heshima lakini nitabisha.

Mkono wa binadamu tunausifia mno. Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Rice kule Texas walichukua watu wa kawaida wakawapa kura za kuhesabu kwa mkono, wao wenyewe wakijua jibu sahihi. Makosa yalifika hadi asilimia 2. Na kati ya njia mbili walizojaribu, ile ya kupanga mafungu halafu kuyahesabu ndiyo ilifanya vibaya kuliko ile ya mmoja kusoma kwa sauti na wengine kuandika. Kwa mwalimu, kule kusoma kwa sauti ndiko kulikookoa, mafungu yangewapoteza.

Halafu karatasi zinapotea. Australia, mwaka 2013, jimbo la Australia Magharibi walikuwa wanarudia kuhesabu kura za Seneti kwa sababu wagombea walipishana kidogo sana. Wakakuta karatasi 1,370 hazipo. Hazikuonekana tena. Mahakama ikafuta, wananchi wakarudi kupiga kura Aprili 2014. Na hao si watu wa kubabaisha.

Nenda benki yoyote hapo mjini, keshia anatia noti kwenye mashine, trrrr, imeisha. Mbona hatumwambii ahesabu kwa mate ya kidole?

#5 MtuWaZiwa

BaitiMoja, keshia akimaliza na mashine, ukimwambia "dada, naona imepungua", anafanya nini? Anazitoa zile noti anazihesabu mbele yako. Noti zipo. Hapo ndipo penye mzizi wa jambo.

Mimi nasafirisha mizigo kwa boti, Kalemie, Uvira, Baraka, miaka mingi. Kongo mwaka 2018 walileta mashine ya kupigia kura, yenye kioo kama cha tableti kubwa. Unagusa picha ya mgombea, inakuchapia karatasi, unaitumbukiza sandukuni. Watu wa kule wana ulimi, wakaibatiza jina papo hapo: kwa Kifaransa kupiga kura ni *voter*, kuiba ni *voler*, herufi moja tu imehama. Kila mtu bandarini alikuwa anaita mashine ya *voler* anacheka.

Uchaguzi ukafanyika Desemba 30, 2018. Maaskofu wa Katoliki walikuwa wameweka waangalizi wapatao 40,000 nchi nzima. Tume ilipotangaza, maaskofu wakasema hadharani kwamba kilichotangazwa hakilingani na walichokusanya watu wao vituoni. Wewe ungefikiri jibu ni rahisi: tume ibandike matokeo ya kituo kimoja kimoja, watu walinganishe. Haikuyatoa. Karatasi zilichapwa, zikatumbukizwa, na bado hazikumsaidia mtu, kwa sababu mlolongo wa kutoka sandukuni hadi kwenye jumla haukuonekana.

Kwa hiyo hata wewe mwalimu, karatasi peke yake haitoshi.

#6 SitiYaMbele

Sado iko wapi?

#7 Isevya_TBR

Tabora tupo. Wa Kigoma mnasahau kwamba mabishano ya kura nchi hii yalipikwa kwetu. Januari 1958 mkutano wa TANU ulikaa hapa Tabora kujadili kura tatu: kila mpiga kura ilikuwa lazima achague watu watatu, Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja. Ukimpigia mtu wako ukawaacha wengine, karatasi yako imeharibika. Wengine walitaka TANU isusie kabisa. Mwalimu Nyerere akawashawishi waingie hivyohivyo, Zuberi Mtemvu akaondoka akaanzisha chama chake.

Naileta hapa kwa sababu moja. Hesabu ya kura inaanza kabla ya kuhesabu, inaanza kwenye karatasi yenyewe. Kanuni ikisema "weka alama tatu" kwa watu ambao wengi ndiyo kwanza wanapiga kura, umeshaamua ni nani karatasi yake itatupwa. Mwaka 1965, ndani ya chama kimoja, wagombea walipewa alama ya jembe na ya nyumba ili asiyesoma naye ajue anapiga wapi. Mama, chunga karatasi yako isiwe mtihani.

#8 BintiUjiji

Na sisi Kigoma Mjini tuna historia yetu. Uchaguzi mdogo wa 1994, kesi ya mgombea wa upinzani Dk. Aman Walid Kabourou, ukatenguliwa na mahakama. Babu yangu mpaka leo anasimulia kama mechi.

#9 MwalimuHeru

Binti, umesema kweli, ila kesi ile moja ya hoja zake kubwa ilikuwa redio ya taifa kuegemea upande mmoja. Kura zinaweza kuhesabiwa vizuri mpaka ya mwisho na uchaguzi ukawa bado haukuwa sawa. Hilo ni somo jingine na mwenye uzi amekataza.

BaitiMoja, marahaba. Huo utafiti wa Texas nakubali, nami nilisema nilikosea. Tofauti yangu na mashine ni kwamba mimi nilishikwa na kijana mwenye daftari la mazoezi.

#10 BaitiMoja

Mwalimu umenipiga pazuri. Ngoja nikuongezee risasi mwenyewe, maana mimi si mshabiki wa mashine, ni mtu anayezijua.

Ubelgiji, mwaka 2003, mtaa wa Schaerbeek mjini Brussels. Walikuwa wanapigia kura kwenye kompyuta. Mgombea mmoja akaonekana amepata kura nyingi kuliko zilivyowezekana kwa chama chake. Wakarudia kusoma, ikaonekana amezidishiwa kura 4,096 kamili. Kwa mtu wa kawaida hiyo ni namba tu. Sisi tukiiona tunasimama: ni mbili ikizidishwa yenyewe mara kumi na mbili. Kwenye kumbukumbu ya kompyuta kila namba ni safu ya swichi ndogo, iliyowashwa na iliyozimwa. Swichi ya kumi na tatu ilijiwasha. Hakuna mwizi aliyepatikana, programu haikuonekana na kosa, waliobaki wakashuku miale inayotoka angani. Sasa fikiria ingejiwasha swichi ya tano. Kura kumi na sita zimezidi. Nani angejua?

Wajerumani walilimaliza hilo kisheria. Machi 2009 mahakama yao ya katiba ilisema mashine zilizotumika uchaguzi wa 2005 hazikubaliki, kwa sababu mwananchi asiye na utaalamu wowote lazima aweze kukagua mwenyewe hatua za msingi za kupiga na kuhesabu. Hawakusema zimeibiwa. Walisema mama muuza dagaa hawezi kuzikagua, basi. Ireland nao walinunua mashine kwa zaidi ya euro milioni 50, wakaogopa kuzitumia nchi nzima, mwaka 2012 wakaziuza kwa watu wa vyuma chakavu kwa kama euro 70,000. Namibia, nchi ya kwanza Afrika kupiga kura kitaifa kwa mashine, 2014, mahakama yao ya juu ikaja kusema Februari 2020 kwamba mashine zisizoacha karatasi ni kinyume cha katiba.

India wanazo, watu mamia ya milioni, wakaziongezea kichapishi: unaona karatasi yako nyuma ya kioo sekunde chache halafu inaanguka. Brazili hazitoi karatasi ya kura, lakini kituo kikifungwa mashine inachapa matokeo yake na yanabandikwa mlangoni. Kwa hiyo hata wenye mashine wanarudi kwenye ukuta wa mwalimu.

#11 Gololi_Kali

Nyie mnazunguka. Gambia wanapiga kura kwa gololi. Gololi hizi hizi.

Kila mgombea ana pipa lake lenye rangi na picha. Unapewa gololi moja, unaingia peke yako, unaidondosha kwenye bomba la pipa unalotaka. Ndani inagonga kengele, ngrii! Msimamizi nje anasikia umepiga mara moja tu. Chini wameweka mchanga au unga wa mbao ili gololi zisigongane zikatoa siri. Na siku hiyo baiskeli haziruhusiwi karibu na kituo, kengele zake zisije zikachanganya watu. Kuhesabu, wanamwaga gololi kwenye trei yenye matundu 200 au 500. Trei ikijaa, umeshajua. Hata asiyejua kusoma anaona kwa macho.

#12 Isevya_TBR

Wakizuia baiskeli Tabora, nani atafika kituoni?

#13 BintiUjiji

Hahaha na wanangu wangekuwa wameshaiba nusu ya kura wakacheze uwanjani.

#14 MtuWaZiwa

Gololi ni nzuri, ila malizia hadithi. Desemba 2016, Rais Jammeh na mpinzani wake Barrow. Gololi zilihesabiwa sawa kabisa, Jammeh mwenyewe akapiga simu ya kukubali. Siku chache baadaye tume ikarudi kusema tulikosea kujumlisha eneo moja. Barrow walikuwa wamempa kura 263,515, kumbe ni 227,708. Alikuwa bado ameshinda, lakini Jammeh akapata kisingizio, akageuka, akayakataa matokeo. Nchi ikakaa roho juu mpaka Januari na majeshi ya majirani mpakani. Kosa la kalamu na karatasi la kujumlisha! Namba ya mwalimu ikiwa safarini.

#15 MwalimuHeru

Nashukuru. Wakenya nao, 2013: kura zilizoharibika zilikuwa zinapanda kwenye kioo cha ukumbini mpaka zikapita 300,000, nchi nzima inashangaa wananchi wamesahau kupiga kura? Ikaja kuonekana programu ilikuwa inazizidisha mara nane. Fomu za karatasi zilipohesabiwa zilikuwa 108,975. Mwaka 2017 mahakama yao ya juu ikafuta uchaguzi wa rais, na sehemu kubwa ya mabishano ilikuwa fomu za vituo na seva, kompyuta ya kutunzia matokeo, ambayo tume haikuifungua kama ilivyoagizwa. Basi 2022 wakafanya jambo ambalo mimi nalivulia kofia: picha za fomu za vituo zaidi ya 46,000 zikawekwa wazi kwenye mtandao. Kila mwenye intaneti na kikokotoo akawa mjumlishaji. Tofauti ilikuwa ndogo, Ruto asilimia 50.49 na Odinga 48.85, kesi ikaenda mahakamani, lakini namba za vituo kila mtu alikuwa nazo mkononi.

Hata foleni ya wazee wako, dada, ilishajaribiwa hapo hapo Kenya. Mlolongo wa 1988. Watu walisimama mchana kweupe nyuma ya picha za wagombea, na bado kuna mahali mwenye foleni fupi ndiye aliyetangazwa. Watu walikuwa wameona kwa macho yao, ila foleni ikishatawanyika imekwisha, huna cha kurudia kuhesabu. Siri huna na ushahidi huna.

#16 MamaMgebuka

Nimesoma yote, nimechelewa kujibu kwa sababu mvua ilitukuta dagaa wakiwa kwenye vichanja.

Sasa mlolongo nimeutoa kichwani, na mikono pia. Nibaki na karatasi na simu. BaitiMoja mwanangu, wewe wa kompyuta: kwa nini nisiwasikilize vijana wa WhatsApp? Wanasema Ulaya kuna nchi wanapiga kura kwa intaneti.

#17 BaitiMoja

Ipo mama, Estonia, tangu 2005. Mwaka 2023 zaidi ya nusu ya kura za wabunge zilipigwa kwa intaneti. Lakini angalia walichonacho: kila raia ana kitambulisho chenye chipu na namba ya siri, na mtu akikusimamia kichwani nyumbani upige anavyotaka, ukibaki peke yako unaruhusiwa kupiga upya, inahesabiwa ya mwisho. Pamoja na hayo yote wataalamu bado wanabishana.

Kundi lenu la WhatsApp lina nini? Kila mtu anaona nani kapiga nini, kwa hiyo yule wa magunia mawili bado amekukazia macho, safari hii kupitia kioo. Mwenye laini tatu anapiga tatu. Asiye na simu janja, na najua wapo mama zangu wengi hapo mwaloni, hapigi. Na msimamizi wa kundi anaweza kumtoa mtu asubuhi ya uchaguzi. Ingekuwa ni kuchagua rangi ya sare za kikundi ningesema tumieni.

Kama mngekuwa 300,000 ningekushauri karatasi na skana, mashine ya kusoma karatasi za kura. Skana haichoki saa nne usiku, halafu unaikagua kwa mkono. Marekani, Georgia 2020, walizirudia kura kama milioni 5 zote kwa mkono baada ya skana, mshindi akawa yule yule, na njiani wakaokota kura elfu kadhaa ambazo hazikuwa zimehesabiwa mara ya kwanza. Colorado hawafiki huko, tangu 2017 wanachukua sampuli tu: wanarusha dadu hadharani kupata namba, namba zinaonyesha karatasi gani zitolewe kwenye maboksi, wanazilinganisha na alichosema mashine. Wagombea wakipishana sana zinatosha karatasi chache. Wakikaribiana wanachukua nyingi. Sampuli ikikataa kukubaliana, wanaendelea mpaka zote.

#18 MamaMgebuka

Hiyo ya sampuli sisi tunaijua bila shule. Mnunuzi wa Dar akija hapa haangalii dagaa wa juu ya gunia. Juu kila mtu anapanga wale wanaong'aa. Anachagua gunia mwenyewe, sio ninalomsogezea, anachomeka mkono mpaka kwenye kiwiko, anatoa wa katikati, anawamwaga kwenye kiganja anaangalia mchanga na unyevu. Akikuta wabichi anafungua na magunia mengine. Akiniachia mimi nimchagulie, nimemuuzia mchanga.

#19 BaitiMoja

Mama, kuna maprofesa wameandika kurasa nyingi kusema hicho.

#20 Isevya_TBR

Kwa hiyo uamuzi?

#21 MwalimuHeru

Dada yangu, kwa watu 312 huhitaji chochote kinachotumia umeme. Chapa karatasi, hesabu ulizochapa mbele ya watu, andika. Kila anayechukua aweke alama kwenye jina lake. Ndoo iwe inayoonyesha ndani. Ukihesabu, mmoja asome kwa sauti akiinua, wawili waandike vijiti kila mmoja kwenye ubao wake bila kutazamana, na kila upande uwe na mtu wake amekaa karibu kama yule kijana wangu. Zisizotumika nazo zihesabiwe. Namba zikikataa kuelewana msilazimishe, rudieni. Na ukimaliza bandika mlangoni kabla hujanywa hata chai.

Mwenyekiti wa kikundi anaweza kulalamikiwa mkaitishana tena. Lakini matokeo ya rais kwetu, Katiba ibara ya 41(7) inazuia mahakama kuyachunguza yakishatangazwa. Mahakama ya Afrika pale Arusha ilisema mwaka 2020 kwamba kifungu hicho kinakiuka haki. Ndiyo maana mimi nina wazimu na hesabu ya kituoni. Samahani dada, hiyo ni sheria, haikuwa chama.

#22 MamaMgebuka

Nimekusamehe kwa sababu ya ubao.

#23 MamaMgebuka

MREJESHO

Tumemaliza jana. Tulikaa mbele ya ghala, juu ya maturubai. Mbao mbili tumeazima shule ya msingi, ndoo ni ile ya plastiki nyeupe ya maji, ukiiinulia jua unaona ndani.

Tulichapa karatasi 320. Waliokuja na kuchukua karatasi ni 287, zikabaki 33, tumezihesabu mara mbili watu wakiimba namba pamoja nami kama darasa la kwanza. Mpaka hapo raha.

Kuhesabu: binti yangu anasoma anainua, kijana mmoja wa boti ubao wa kushoto, mama mmoja muuza mawese ubao wa kulia. Mwisho kushoto mgombea wa kwanza ana 151, kulia ana 150. Makelele! Mtu mmoja nyuma anasema si niliwaambia WhatsApp. Tukarudia zote kuanzia mwanzo. Zikaja 151 pande zote. Mama wa mawese akakiri mwenyewe kwamba simu yake ililia katikati akatazama nani anapiga.

Wa pili kapata 118. Zilizoharibika 17, nyingi zina vema mbili. Nimeuliza baadaye, mmoja akaniambia wote wawili ni wajomba zake, hawezi kumkosesha mtu. Isevya, karatasi haikuwa mtihani, mtihani ulikuwa ni ujamaa.

Sasa jumlisheni: 151 na 118 na 17. Ni 286. Karatasi tulizogawa 287. Ndoo tukaigeuza, maturubai tukayakung'uta, wengine wakaanza kutazamana vibaya. Nikasema sibandiki kitu mpaka ionekane, nikimuwaza Mwalimu na wino wake wa muhuri. Tukapita kila karatasi kwa kidole. Hakuna iliyogandana.

Ikapita kama nusu saa. Bibi mmoja, mzee kuliko wote kwenye kikundi, akauliza kwa nini hatuendi nyumbani. Akaelezwa. Akafungua fundo la kanga yake, ndani mna noti ya elfu mbili, ugoro, na karatasi ya kura imekunjwa vizuri kabisa, haina alama. Anasema, "Mlipotugawia mlisema hii ni haki yangu. Sasa haki yangu nitaitumbukizaje kwenye ndoo?"

#24 SitiYaMbele

Nimeanguka kitini.

#25 BaitiMoja

Mama nimejumlisha picha ya mlangoni uliyoturushia, 151+118+17+1+33 ni 320. Imefunga.

#26 MwalimuHeru

Hiyo moja ya bibi mmeiandika wapi? Maana si iliyoharibika, na si isiyotumika.

#27 MamaMgebuka

Mstari wa peke yake chini kabisa: "Iliyotoka na haikutumbukizwa: 1." Na pembeni bibi kaweka dole gumba.

Karatasi yenyewe kakataa kurudisha.